Naombeni ushauri: naweza kuomba chuo bila kuchagua fani?

Binti wa Chumbageni
Shikamooni wakubwa, wenzangu habarini. Nimemaliza kidato cha sita mwezi wa tano, PGM (fizikia, jiografia na hesabu), nipo nyumbani Tanga nasubiri matokeo. Baba anataka nisome uhandisi wa mafuta kwa sababu bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapa kwetu Chongoleani. Hesabu naziweza, ila ninachokipenda ni mikondo ya bahari, ramani, kwa nini ufukwe unaliwa. Nikiulizwa nisomee nini, sina jibu la kweli. Nasikia Marekani mtu anaomba chuo bila kutaja fani. Ni kweli? Na hapa nchini je?

Mzee wa Ngamiani
Marahaba. Hapa nchini hilo halipo, binti yangu. Unaomba programu, na kila programu ina masharti yake ya ufaulu. Pakua mwongozo wa udahili wa TCU, tume ya vyuo vikuu, uusome mwenyewe, usisomewe na mtu wa stationari. PGM si uhandisi tu: kuna jiolojia, upimaji ardhi, hali ya hewa.

Dada wa Raskazone
Marahaba mdogo wangu. Mimi nimesoma huko, na niliingia bila fani. Ni kweli: vyuo vingi vinakuacha uchanganye masomo, kisha unatangaza fani kufikia mwisho wa mwaka wa pili kati ya minne. Kwenye fomu kuna sehemu ya kusema bado hujaamua, na si aibu. Ila uhandisi na uuguzi mara nyingi hupokea watu moja kwa moja toka mwanzo, na kuhamia baadaye ni kazi. Kama uhandisi bado umo moyoni, uulize kila chuo kabla ya kuomba.

Kwenye insha ya maombi usiandike "sijui ninachotaka". Andika huo ufukwe unaoliwa: umeona nini, unajiuliza nini. Hiyo ndiyo wanayoitafuta.

Sasa pesa, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii uwezo wa familia wanapoamua nani aingie, hata kwa mgeni, na ukipata nafasi wanalipia kiasi ambacho familia yako haikiwezi. Ila kuingia huko ni kugumu sana. Vyuo vingine vingi vinaangalia mfuko wa mgeni kwanza.

Tena maombi mengi hufungwa mwanzoni mwa Januari, masomo huanza Agosti au Septemba. Kwa hiyo unalenga mwaka ujao. Na ukishaanza digrii hapa, wengi watakuhesabu kama mwanafunzi anayehama, taratibu zinabadilika. EducationUSA, ubalozi wa Marekani Dar, wanashauri bure.

Mzee wa Ngamiani
Mwaka mzima nyumbani? Dada, kwa mtoto wa kike wazazi watakubali?

Dada wa Raskazone
Mzee wangu, ndiyo maana nasema aombe na hapa dirisha la maombi likifunguliwa. Akipata jiolojia, baba yake anaweza kulainika, mafuta na gesi bila wanajiolojia hayapatikani.

Binti wa Chumbageni
Asanteni sana. Sikujua jiolojia inaingia kwenye mafuta. Leo baada ya Isha nitamsomea baba ukurasa huo wa mwongozo. Dada, naweza kukutumia insha uipitie?