Yule fundi alumini mnayemjua leo kanivuruga mbele ya mama mkwe

Wakuu, naandika mikono inatetemeka.

Yule fundi wa huku Kigamboni, simtaji, mnamjua, yule wa "bosi niamini mimi", alinifungia madirisha sita upande wa baharini. Jana usiku kusi likavuma. Siyo kimbunga, ni kusi la kila mwaka! Dirisha la sebuleni likang'oka zima zima na fremu yake, likapaa kama ungo wa mchawi, likatua kwenye kochi ambalo mama mkwe alikuwa ametoka kulala dakika tano nyuma.

Leo nimemwita. Kaja, kakaa kwenye kochi lile lile, kanywa chai yangu vikombe viwili, akasema: "Mama, dirisha siyo la kuzuia upepo. Dirisha ni la kuangalia nje."

LA KUANGALIA NJE!

Fremu ya mita moja na nusu kwa moja na nusu ilishikwa na skrubu nne, mbili kila ubavu. Juu na chini hakuna kitu. Hazina plagi, vile vibomba vya plastiki vya kuishika skrubu ukutani, zimeishia kwenye plasta, tofali hazijalifikia. Moja nimeichomoa kwa kucha, imetoka na unga wake kama jino la utoto. Kwingine kote silikoni tu.

Upepo wa mita 20 kwa sekunde unasukuma kila mita ya mraba kwa kilo 25 hivi. Kwa dirisha langu ni kilo 56, mtu mzima kaegemea usiku kucha. Upepo ukiongezeka mara mbili, msukumo unakuwa mara nne: kilo 225. Na dirisha likitoka, upepo unaingia na kulisukuma paa kutoka chini, huku wa nje unalivuta juu. Mabati ndivyo yanavyoondoka. Nimemweleza yote hayo. Kajibu nini? La kuangalia nje. Chai yangu mkononi!

Mzee wa Feri: Picha iko wapi? Uzi bila picha ni umbea.

Chuma Chakavu: Ulimmalizia hela yote kabla hajamaliza kazi? Basi dirisha lako, upepo wako.

Mbongo Florida: Pole dada. Huku Miami-Dade, baada ya kimbunga Andrew cha Agosti 1992, sheria zilikazwa. Kwenye majaribio dirisha linarushiwa mbao ya kilo 4 kwa mita 15 kwa sekunde, kisha linasukumwa na kuvutwa mara 9,000. Kioo kikipasuka sawa, kisitoboke. Milango mingi ya mbele inafungukia nje, upepo ukija unaibana kwenye fremu.

Chuma Chakavu: Wa Florida kashafika. Hapa ni Kigamboni, kaka.

Mleta uzi: Kwani bahari ya huku imelala? Kimbunga cha 1872 kililaza mikarafuu ya Unguja. Lindi walipigwa 1952. Hidaya ya Mei 2024 mmeisahau? Mimi sijaomba ya Florida, nimeomba skrubu ifike kwenye tofali! Eti la kuangalia nje!

Binti Mafia: Hidaya tusahau vipi, tulilala tumeegemeza kabati mlangoni. Ila huyo fundi namjua. Kwetu komeo la mlango kalifunga juu chini.

Mama Wawili: Bora nyie upepo. Mimi fundi bomba kaunganisha maji ya moto kwenye tangi la choo. Watoto wanatoka na mvuke.

Mzee wa Feri: 😂😂😂 Mvuke!

Kijana wa Toangoma: Fundi vigae je? Kaweka mteremko unaelekea chumbani. Nikioga, godoro linaoga.

Mleta uzi: Jamani, mama mkwe angekuwa kwenye lile kochi!

Mama Wawili: Toangoma, huyo wa vigae alikuchaji ngapi kwa mita ya mraba?

Kijana wa Toangoma: Njoo inbox.