Fremu kwenye jumba la maduka pembezoni mwa jiji: nikague nini kabla ya kusaini?

Swali: Wakuu, fremu ni mita za mraba 40, ghorofa ya kwanza. Kodi inaonekana nafuu. Niangalie nini?

Jibu 1: Kodi peke yake haitoshi, mkuu. Ulizia gharama za huduma: ulinzi, usafi, jenereta, ngazi za umeme. Hizo mara nyingi hutozwa kwa kila mita ya mraba, juu ya kodi. Kisha chukua futi kamba upime ndani, ukuta hadi ukuta. Mkataba ukihesabu nguzo na unene wa kuta, unaweza kulipia 40 huku unatumia 36.

Jibu 2: Hesabu wapita njia mbele ya mlango wako, siyo getini. Saa nzima Jumanne mchana, nyingine Ijumaa jioni, nyingine Jumamosi. Vitongoji vingi mchana huwa vitupu, watu wako kazini katikati ya jiji. Wakirudi, wengi huishia supamaketi ya chini, hawapandi juu.

Jibu 3: Hapo kwenye supamaketi ndipo pa kukazia. Ikifungwa, wateja wanakatika na wewe bado umebanwa na mkataba. Dai kifungu: nafasi yake ikikaa tupu zaidi ya siku 90, kodi ishuke au uondoke bila faini.