Uvimbe wa mama mbele ya sikio: wanataka kuutoa kwa ganzi ya sindano, nikubali?

Binti_wa_Kilosa: Habari zenu wakuu. Mama yangu, miaka 54, ana uvimbe mbele ya sikio la kushoto. Ulianza kama gololi miaka sita iliyopita, tukadhani matubwitubwi. Sasa umefikia ndimu, na hatoki bila kujitanda mtandio upande huo. Hauumi, ukiubonyeza unasogea. Zahanati moja huku wanasema ni mafuta tu, watautoa kwa nusu saa. Roho yangu inasita.

Mzee_Baharia: Usikubali, mwanangu. Mimi nilitolewa hivyohivyo, kidonda kikapona vizuri kabisa. Baada ya miaka minane vikaota vinundu chini ya kovu, kama punje za mahindi. Upasuaji wa pili ulikuwa mgumu mno. Mpaka leo jicho halifumbi sawasawa, usiku nalibandika plasta.

Daktari_Kijana: Pole dada. Bila kumwona siwezi kusema ni nini, ila hapo ndipo ilipo tezi kubwa ya mate, na neva inayochezesha uso inapita katikati yake. Aanze na ultrasaundi, kisha avutwe chembe kwa sindano nyembamba. Wasimkate kipande kwa kisu, chembe zikimwagika ndiyo yale ya mzee. Takriban uvimbe 8 kati ya 10 wa tezi hiyo si saratani, lakini ule unaopatikana zaidi, pleomofiki adenoma, ukiachwa miaka mingi unaweza kugeuka. Hutolewa pamoja na nyama ya tezi inayouzunguka, mgonjwa akiwa kwenye usingizi kamili, na neva hutafutwa kwanza. Omba rufaa kwa bingwa wa masikio, pua na koo: Muhimbili, KCMC na Bugando wapo. Mdomo umepinda? Umekua ghafla?

Binti_wa_Kilosa: Asante sana dokta. Nimemwambia apige mluzi, kisha afumbe macho kwa nguvu: pande zote sawa. Haujakua ghafla. Yeye anauliza kama atakula.

Mama_Wawili: Atakula, mwambie asiogope. Mimi nilianza na uji jioni ileile. Mdomo ulilegea upande mmoja kwa wiki kadhaa, ukarudi. Ndewe ya sikio bado ina ganzi, na nikila embe bichi shavu linatoka jasho. Daktari alinieleza mapema, kwa hiyo sikushtuka. Siku hiyo avae gauni la vifungo mbele. La kuvulia kichwani litamtesa na ile bandeji.