Kila siku Kilimanjaro! Usambara, Uluguru na Udzungwa zimekosa nini?

Mwana wa Shume: Wadau, nimechoka. Kila tangazo la utalii ni theluji ya Kibo na tembo amesimama mbele yake. Milima ya Tao la Mashariki, yaani Usambara, Upare, Uluguru, Udzungwa na wenzao, ina vyura, vinyonga na miti isiyopatikana kokote kwingine duniani, lakini sisi tunaikumbuka kwenye mtihani wa jiografia tu. Yale maua ya zambarau ambayo nusu ya Ulaya inayafuga dirishani yalitoka Tanga! Serikali ihamishie matangazo huku. Karibuni tujadili.

Kibosho Kwetu: Mkuu, mtu hapandi ndege toka Marekani kuja kuangalia chura. Anataka paa la Afrika, mita 5,985, apige picha chini ya kibao, ashuke, aende zake Zanzibar. Halafu kwa kona zile za Mombo, Lushoto atafika ametapika mpaka pasipoti.

Binti Soni: 5,895. Mlima wa kwenu wenyewe hata urefu huujui.

Mwana wa Shume: Na barabara ya Mombo imekukosea nini? Lami mpaka Lushoto mjini.

Tabu Tupu: Lami ipo, hilo tusibishane. Tatizo dereva anapita kona ya Soni huku anachati.

Binti Soni: Wajerumani waliupanda mji huohuo bila lami, wakauita Wilhelmstal, wakajenga na kukaa. Wewe na kiyoyozi chako ndiyo utapike?

Kibosho Kwetu: Dada, wale walikimbia joto la pwani. Waliotaka mlima walikuja kwetu. Hans Meyer, Mjerumani mwenzao, mwaka 1889 alikwenda kupanda wapi?

Binti Soni: Alipanda peke yake?

Kibosho Kwetu: Aliongozwa na Mzee Yohani Lauwo wa Marangu. Asante kwa kunipigia pasi.

Same Mjini: Mjadala ukishafika kwa Wachaga, ujue inafuata bei. Hawa barafu ya Kibo wataiuza kabla haijayeyuka.

Kibosho Kwetu: Mtani, sisi tunauza. Ninyi Wapare mna milima tangu enzi za mababu, kazi yenu kushitakiana mipaka ya shamba.

Ticha Mstaafu: Vijana, Kilimanjaro si safu. Ni volkano iliyosimama peke yake, yenye vilele vitatu: Shira, Kibo na Mawenzi. Usambara na wenzake ni miamba ya kale sana iliyoinuliwa. Mnalinganisha vitu viwili tofauti.

Tabu Tupu: Shikamoo Ticha. Mtalii naye anauliza umri wa mwamba?

Mgumu wa Machame: Niseme sisi wagumu, wapagazi tunaobeba mizigo ya wageni. Mgeni wa Kilimanjaro analala mlimani siku tano, sita, hata nane, na kila siku ina ada ya hifadhi. Nyuma yake kuna kiongozi, mpishi na sisi wagumu, kila mmoja na mzigo usiozidi kilo 20 kwa mujibu wa kanuni. Mizani ya getini ipo, ya njiani Mungu anajua. Lushoto mgeni anatembea na kijana mmoja, jioni anarudi gesti. Udzungwa ni hifadhi ya taifa tangu 1992, maporomoko ya Sanje yana mita 170 hivi, lakini kwenye basi la Ifakara nani anashuka Mang'ula kwa ajili hiyo?

Tabu Tupu: Ndiyo maana 2019 lilikuja wazo la magari ya waya Kilimanjaro. Wazee nao wapande.

Mgumu wa Machame: Waya ukija mimi nibebe nini? Nibebe waya? Usiongee kitu ambacho hakikulishi.

Tabu Tupu: Taratibu kaka, nimetaja tu.

Mwana wa Shume: Jamani, mada yangu ilikuwa Usambara…

Same Mjini: Usambara nini! Shengena yetu, kilele cha Upare, ina mita 2,462, Usambara nzima hakuna kilele kinachoifikia.

Binti Soni: Wewe umeshaipanda?

Same Mjini: Nina kesi mahakamani. Ikiisha.