Maharamia wanawake: walikuwepo kweli au ni mambo ya muvi tu?

baharia_wa_kochi
Wakuu habari za humu. Siku hizi kila muvi au gemu ya maharamia lazima kuwe na dada mmoja kavaa suruali ya ngozi, upanga kiunoni, anapiga watu kuliko wanaume wote melini na mpaka stori inafika katikati hakuna aliyeshtuka kuwa ni mwanamke. Mimi huwa naangalia tu naenjoi, lakini juzi nimebishana na mtu anasema hizo ni njozi za Hollywood, mwanamke angekaaje na wanaume miezi yote hiyo kwenye chombo kidogo vile asigundulike. Nikamtajia Anne Bonny na Mary Read akanijibu na hao wametungwa. Sasa wanaojua historia nisaidieni, kuna maandishi kabisa au tunadanganyana tu? Na kama walikuwepo walijifichaje?

faili_la_zamani
Mkuu hao wawili hawajatungwa, wana kesi. Walihukumiwa Jamaica tarehe 28 Novemba 1720, mji uliokuwa unaitwa St. Jago de la Vega ambao leo ni Spanish Town, siku kumi tu baada ya nahodha wao John Rackham kunyongwa kule Port Royal. Mwenendo wa kesi ulichapwa mwaka uliofuata, mashahidi na maneno yao yamo mle.

Ila kwenye kujificha ndo muvi zinatupiga changa la macho. Kuna Wafaransa wawili waliokuwa wametekwa na kina Rackham walitoa ushahidi kwamba hao wanawake wakiona chombo cha kukimbiza wanavaa kiume, nyakati nyingine wanavaa kike kama kawaida. Kwa hiyo wenzao wote walikuwa wanajua! Na si wenzao tu, gavana wa Bahamas, Woodes Rogers, alitoa tangazo mwezi Septemba 1720 la kuwatangaza kuwa maharamia na majina yao wote wawili yamo, hapo hata hawajakamatwa. Sasa huyo anayejificha mpaka gavana anamtaja kwa jina anamficha nani?

Ushahidi ninaoupenda mimi ni wa mama mmoja anaitwa Dorothy Thomas. Alikuwa kwenye mtumbwi wake na vyakula vyake wakamvamia wakamkomba karibu kila kitu. Akaieleza mahakama kwamba wale wawili walivaa koti za kiume na suruali ndefu, wamejifunga leso kichwani, kila mmoja na panga na bastola mkononi, na walikuwa wanawatukana wanaume wa kundi wakitaka huyo mama auawe ili asije akatoa ushahidi juu yao. Wanaume hawakumuua, na kweli akaja akatoa ushahidi. Alipoulizwa alijuaje kuwa ni wanawake akasema ni kwa ukubwa wa matiti yao, basi. Hiyo nguo ya kiume ilikuwa ya kazini mkuu, ukipanda kamba na kurukia chombo cha watu gauni litakuua kabla ya adui.

baharia_wa_kochi
Daah hiyo ya kutaka mama wa watu auawe sijawahi kuiona kwenye muvi yoyote, wanawaonyeshaga kama mashujaa wa wanyonge. Sasa mbona Rackham alinyongwa wao wakasalimika? Na ile stori ya Mary Read kulelewa kama mtoto wa kiume mpaka akawa askari imetoka wapi?

faili_la_zamani
Walihukumiwa kunyongwa kama wengine, ila hukumu ilipotoka wakasema wana mimba, na sheria ya Kiingereza ilikuwa hainyongi mjamzito, inasubiri ajifungue. Mary Read akafia gerezani, alizikwa Aprili 1721. Anne Bonny hakuna rekodi inayoonyesha alinyongwa, anapotea tu kwenye makaratasi, na hilo pengo ndo waandishi wa riwaya wanalifurahia maana unaweza kumpeleka popote, mmoja kamuoza, mwingine kamrudisha baharini.

Hiyo ya utotoni na ya uaskari inatoka kwenye kitabu cha 1724 kilichoandikwa kwa jina la Captain Charles Johnson, jina ambalo wanahistoria wengi wanaliona la bandia. Kitabu kitamu balaa lakini sehemu ya maisha yao kabla ya kukamatwa isome kama hadithi ya jioni. Hata yale maneno maarufu ya Anne Bonny kumwambia Rackham kwamba angepigana kama mwanaume asingenyongwa kama mbwa yanatoka humo humo, mahakamani hayapo. Muvi karibu zote zimekula kwenye hicho kitabu kimoja.

jahazi_jekundu
Nyie mnaongelea watu walioiba mitumbwi na mashua za wavuvi kwa miezi miwili halafu mnamwacha bosi mwenyewe. Zheng Yi Sao, wengine wanamwita Ching Shih. Aliolewa 1801 na haramia Zheng Yi pwani ya Guangdong, kusini mwa China, mume akafa 1807, yeye akashika usukani wa muungano mzima wa vikundi, kila kikosi na rangi ya bendera yake, nyekundu, nyeusi, nyeupe, bluu, njano, kijani. Kikosi chekundu ndo kilikuwa kikubwa na akakikabidhi kwa Zhang Bao, aliyekuwa mtoto wa kulea wa marehemu mume wake, halafu akaja akaolewa naye (ndio, mmesoma vizuri).

Na biashara yao haikuwa kuvizia tu. Walikuwa wanauza vibali, majahazi ya chumvi na wavuvi wanalipa, ukionyesha karatasi haramia wa kikosi kingine anakuacha upite. Mali iliyotekwa lazima iandikishwe kwanza, walioiteka wanapata sehemu mbili kati ya kumi, nane zinaingia mfuko wa wote. Ukibaka mateka wa kike, kifo. Ukitoroka, unakatwa masikio.

Na swali lako la kujificha huku halipo kabisa. Kuna afisa wa meli ya Waingereza, Richard Glasspoole, alitekwa 1809 akakaa nao wiki 11 na zaidi mpaka akakombolewa. Aliandika kuwa hawa watu hawakuwa na nyumba nchi kavu, kila mwanaume alipewa kijisehemu cha kama futi 4 kwa 4 melini na humo anaishi na mke na watoto. Wanawake walishazoea kuishi majini toka utotoni, hakuna haja ya kufunga kifua wala kukata nywele.

shaka_kwanza
@jahazi_jekundu nakubali ila naona umekwepa namba na umefanya vizuri, maana mitandaoni wanaandika meli 1,800 na watu 80,000 mpaka unajiuliza walikuwa wanakula nini. Waliosoma nyaraka za Kichina wanakwenda chini ya hapo, meli mamia na watu makumi elfu, ambayo bado ni jeshi. Waliojisalimisha 1810 walihesabiwa 17,318 na meli 226.

Na kujisalimisha kwenyewe ndo kuliniacha hoi. Mazungumzo yamekwama, yeye anakwenda mji wa Canton bila silaha, kaongozana na wanawake na watoto, anaingia moja kwa moja kwa gavana mkuu Bai Ling kujadiliana. Akatoka na msamaha, mali wakabaki nayo, Zhang Bao akapewa cheo jeshini na meli kadhaa za kwake. Mama akafa 1844 akiwa uzeeni. Rackham na panga zake alimaliza wapi?

mama_wa_anime
Jamani na Grace O'Malley wa Ireland mnamsahau, yule wa 1593 aliyekwenda London kumuona malkia Elizabeth I uso kwa uso kumdai mwanawe na kaka yake walioshikiliwa na Richard Bingham, mtawala wa Kiingereza wa jimbo la Connacht huko Ireland. Kabla hajafika aliandikiwa maswali 18 na serikali akayajibu yote kwa maandishi, majibu yapo mpaka leo. Mambo ya eti alificha kisu nguoni yaacheni kwa wasimuliaji.

Halafu wapenzi wa One Piece, ile katuni ya Kijapani ya maharamia, mhusika Jewelry Bonney jina kalitoa kwa Anne Bonny, na Alvida kalitoa kwa binti mfalme wa hadithi za Skandinavia alizoziandika Saxo Grammaticus, yule aliyekimbia ndoa akaenda kuwa haramia. Huyo wa pili kwangu ni ngano tupu, msimchanganye na wenye kesi.

baharia_wa_kochi
Asanteni wakuu, nakopi link ya uzi huu namtumia yule mbishi sasa hivi. Lakini @jahazi_jekundu, hivi kwa nini huyo wa China hana muvi kubwa ya peke yake?

jahazi_jekundu
Mkuu jaribu kumshawishi prodyuza aweke pesa kwenye muvi ambayo mhusika mkuu masaa mawili anagonga mihuri ya vibali na kugawa mahesabu. Panga la Anne Bonny linauza tiketi, japo mahakamani anayeonekana zaidi anawapelekea wanaume baruti.

faili_la_zamani
Kupeleka baruti risasi zinapita usidharau bwana 😂