Ukungu wa Rondo na mikoko ya Mikindani: mbona picha zangu za kipupwe hazifanani na nilichokiona?

Binti wa Masasi aliuliza:

Assalam aleikum ndugu zangu. Huu ni msimu wa pili wa kipupwe ninaotembea kwa miguu katika misitu na maeneo ya majimaji ya mikoa yetu ya Lindi na Mtwara nikiwa na kamera, na kila ninaporudi nyumbani moyo huniuma. Ukungu niliouona alfajiri msituni Rondo ulikuwa mweupe kama pamba iliyochambuliwa, lakini pichani umekuwa kijivu kizito, na miti iliyosimama ndani yake haina uhai wowote. Baadaye nikaenda Mikindani, siku moja baada ya mwezi kuwa mpevu. Nilitoka na kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi, na mara nilipofungua mlango lenzi ikafunikwa na umande kiasi cha kutoona kitu. Nilipofika kwenye mikoko, yapata saa 3 asubuhi, niliyakuta matope matupu badala ya maji niliyotarajia yaakisi mizizi. Naomba mnielekeze, kwa sababu mandhari haya nayapenda sana na ningependa watu wa kwetu wayaone jinsi yalivyo.

Mzee wa Newala alijibu:

Waaleikum salaam, binti yangu. Nianze na ukungu, kwa maana huku juu tunaishi nao. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi huleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na hewa hiyo ikifika kwenye miinuko ya Rondo na Makonde hulazimika kupanda. Kila ipandapo mita 100 hupoteza takribani nyuzijoto moja, hadi ifike mahali ambapo haiwezi tena kuubeba mvuke wake, na hapo ndipo ukungu huzaliwa. Kwa hiyo hesabu yako ya kupanda alfajiri ni sahihi. Kosa limo katika kipimo cha mwanga cha kamera, ambacho kimetengenezwa kwa dhana kwamba kila kinachotazamwa ni cha kijivu cha wastani. Kikielekezwa kwenye weupe, hudhani kuna mwanga kupita kiasi, nacho huupunguza. Wewe ongeza mwanga kwa hatua moja (stop, yaani mwanga mara mbili), wakati mwingine hata moja na nusu, kisha ukague kama sehemu nyeupe kabisa bado zina alama za mawimbi ya ukungu. Hifadhi picha katika faili ghafi (RAW), ili ukikosea kidogo uweze kurekebisha.

Jambo la pili ni kutafuta mti mmoja ulio karibu nawe, shina lake likiwa jeusi kwa unyevu, uuweke mbele ya ile inayofifia. Ukungu hauna umbo mpaka uwe na kitu cha kufunika. Mimi huweza kukaa sehemu moja saa nzima nikisubiri ufunguke kidogo, na sioni kuwa muda huo umepotea.

Nahodha wa Kitunda alijibu:

Dada, mzee amelieleza la ukungu vizuri, nami niseme la maji. Ulikwenda wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu au mwandamo ambapo maji hujaa na kupwa sana, na katika pwani yetu siku za bamvua maji hujaa yapata saa 10 alfajiri, kukiwa bado giza, kisha yakapwa kabisa kufikia saa 4 asubuhi. Ndiyo maana uliyakuta matope. Maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo ukienda siku ya tatu au ya nne baada ya mwezi mpevu au mwandamo, utayakuta yamejaa karibu na mapambazuko, ambayo mwezi Julai huwa baada tu ya saa 12:30 asubuhi. Jioni ya siku hiyo hiyo yatakuwa yamejaa tena jua linapozama. Usingoje mpaka maji mafu, kwa kuwa wakati huo hujaa kidogo na mizizi mingi hubaki nje.

Wahi pia kabla kusi halijaanza kuvuma kwa nguvu, kwani likishaamka uso wa maji huvunjika na hakuna taswira itakayobaki. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda kama matao, hupendeza maji yakiifikia nusu ya mizizi. Mchu una mizizi kama vijiti vinavyochomoza matopeni, nao nauona mzuri zaidi maji yakianza kutoka. Ukipanga kwenda Ruvuma usisimame ukingoni alfajiri, hata picha iwe nzuri namna gani, kwa sababu mto ule una mamba na viboko.

Mwanamsitu alijibu:

Kuhusu umande wa lenzi, dada yangu, unyevu hutua juu ya kitu kilicho baridi kiasi cha kutosha kuliko hewa yenye mvuke inayokizunguka, na kiyoyozi kiliipoza kamera yako usiku kucha. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kabla ya kutoka chumbani, uiache nje humo humo kwa nusu saa au zaidi. Umande utatua juu ya mfuko, na kamera itapata joto taratibu.

Msituni ningeongeza kichujio cha polaraiza. Majani yaliyolowa hung'aa kwa weupe unaoficha rangi yake, na kichujio hicho huuondoa. Hata hivyo hupunguza mwanga kwa hatua moja hadi mbili, kwa hiyo stendi ya miguu mitatu ni lazima. Kwenye mikoko kitumie kwa uangalifu mkubwa, kwani ukikizungusha vibaya kitafuta ile taswira uliyoamka mapema kuifuata.

Rondo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, hivyo omba kibali kwanza. Ukiingia kabla ya mapambazuko inamisha tochi yako chini, kwa kuwa ndimo aishimo komba wa Rondo, mdogo kuliko komba wote, naye hutafuta chakula chake usiku.

Binti wa Masasi:

Nawashukuru sana, mzee wangu na ndugu zangu. Nitahesabu siku nne baada ya mwezi mpevu ujao ndipo nirudi Mikindani. Swali moja limebaki: ile chumvi inayoganda kwenye kioo cha lenzi baada ya upepo wa bahari, niifute namna gani?

Nahodha wa Kitunda:

Usiifute kavu, dada, kwa sababu chembe zake hukwaruza kioo. Pulizia kwanza kwa kipulizio cha mkono, kisha lowesha kidogo kitambaa laini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ufute taratibu kutoka katikati kuelekea pembeni, na umalizie kwa kitambaa kingine kikavu.