Tupeane uzoefu: dalili ya kwanza ya kisukari uliisingizia nini?

Kipanga
Wadau, salaam. Juzi nilikaa na watu wanne wenye sukari kama mimi, tukaulizana kila mmoja alijuaje. Ikaonekana wote dalili tulizipata mapema, ila kila moja tuliitafutia sababu. Kwa hiyo naomba tusiorodheshane dalili, orodha ziko tele. Nataka lile la pili: ulipoiona, ulijiambia ni nini?

Naanza mwenyewe. Mimi nilisema joto. Nilikuwa nalala na chupa ya lita moja na nusu kando ya kitanda, ikawa haifiki alfajiri, nikaongeza ya pili. Chooni naamka mara nne, mara tano, na mkojo ni wa kujaza kopo. Mke wangu akasema, "Si unakunywa maji mengi, utaachaje kukojoa?" Ikaniingia akilini. Kumbe tulikuwa tumeligeuza: nilikuwa nakunywa kwa sababu nakojoa. Sukari ikizidi kwenye damu, figo huimwaga, nayo haitoki peke yake, inaondoka na maji.

Halafu mkanda. Nilitoboa tundu jipya kwa msumari nilioupasha moto, mwezi haujaisha nikatoboa la pili, likaenda upande. Nikajitazama kwenye kioo nimefurahi! Watu wananiuliza nafanya mazoezi gani. Nakula kuliko zamani na bado napungua, wala sikushtuka. Siku nilipopimwa nilikuwa nimepeleka jipu la mgongoni lililokataa kupona. Mashine ya sukari ikaandika 23.6 (millimoli kwa lita). Muuguzi akaitazama, akanitazama mimi, akaniuliza nimekuja na nani.

Mama wa Watatu
Kisa changu ni cha mwanangu wa kati, alipokuwa na miaka saba. Kukojoa kitandani alikuwa ameacha zamani, ghafla akaanza upya. Nikasema ni wivu, maana mdogo wake ndiyo kwanza alikuwa amezaliwa. Nikamfokea. Nikamkataza maji baada ya jua kuzama. Hilo la maji ndilo linaloniuma mpaka leo. Usiku mmoja nilimkuta kwenye bomba la kunawia, anakinga maji kwa kiganja na kunywa, taa hajawasha ili nisimsikie.

Wiki ya tatu akaanza kutapika na kulalamika tumbo. Tulipokwenda mara ya kwanza tukapewa dawa ya tumbo, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyempima sukari, na mimi sikujua kama mtoto anaweza kuipata. Kesho yake akawa anahema kwa nguvu kama aliyekimbia, kumbe amelala, na mdomo unanukia kama matunda yaliyoiva yakapitiliza. Tulikopelekwa mara ya pili walimchoma kidole kabla sijamaliza kueleza. Ketoni, yaani asidi zinazotokea mwili ukikosa insulini ukachoma mafuta, zilikuwa zimejaa kwenye damu. Akalazwa siku tisa, dripu na insulini.

Ile ni aina ya kwanza. Kinga ya mwili yenyewe huziua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Nalisema kwa sababu nimeshaambiwa sana kuwa nilimzoesha pipi. Jamani, mtoto akirudia kukojoa kitandani, ana kiu na anakonda, mpeleke siku hiyohiyo, wala msirudishwe nyumbani kabla hajachomwa kidole. Ni tone moja la damu.

Kipanga
Pole sana dada. Hilo la kiganja gizani limenimaliza. Anaendeleaje?

Mama wa Watatu
Ana kumi na mmoja sasa. Sindano anajichoma mwenyewe, na mimi nikikosea hesabu ya dozi ananisahihisha.

Mzee Kofia
Mimi nilisingizia uzee. Herufi zilianza kuwa na ukungu, nikapimwa, nikapewa miwani. Miezi miwili haifai, nikabadilisha. Kule sikuulizwa habari za kiu, na mimi sikusema, maana mambo ya choo na miwani yanahusiana nini?

Nilipoanza dawa na sukari ikashuka, miwani yote miwili ikawa kazi bure, naona vizuri zaidi bila hiyo. Nikaelezwa kuwa sukari ikipanda sana lenzi ya jicho huvimba, kwa hiyo mtu asikimbilie miwani mpya mpaka sukari itulie kwa wiki kadhaa. Sasa wajukuu wanachezea zote mbili. Ganzi ya vidole vya miguu nilisema ni viatu. Viatu nimebadilisha, ganzi ipo.

Nyota ya Jaha
Ngoja niseme lile linaloonewa aibu: fangasi sehemu za siri. Nilitibiwa mara nne ndani ya mwaka mmoja, napona wiki tatu, yanarudi. Nikamshuku mume wangu, tukakaa nusu mwezi hatusemezani. Daktari wa tano ndiye aliyeuliza, "Sukari umeshapima?" Nikamjibu kwa ukali kuwa nimekuja kwa ajili ya fangasi. Kumbe fangasi hao sukari ndiyo inayowanenepesha. Wanaume nao wanapata, wanawashwa mpaka ngozi inachanika, wanapaka mafuta kimyakimya.

Na nina jingine la kutubu. Mimba yangu ya pili nilikuwa na sukari ya ujauzito. Nilipojifungua ikashuka, nikaambiwa nirudi kupima baada ya wiki kama 6, halafu niwe napima hata nikijisikia mzima. Sikurudi. Nilisema imeisha.

Mtembezi
Kipanga, kwa heshima, si wote tuliosingizia. Mimi sikuwa na kitu. Kiu sina, mkojo wa kawaida, uzito ndiyo kwanza unaongezeka. Nilikuwa naandaliwa upasuaji wa ngiri, wakanipima asubuhi sijala: 9.8. Wakarudia siku nyingine: 9.1. Aina ya pili inaweza kukaa mwilini miaka na mtu yuko kazini anacheka. Mama yangu anayo, kaka yangu anayo, nina kitambi na presha. Ukinisikiliza vizuri, hizo ndizo zilikuwa dalili zangu, ila haziumi.

Kipanga
Nimepigwa na nimekubali. Kumbe kuna kundi ambalo halikuwa na cha kusingizia.

Kimya Kingi
Samahani, mie huwa msomaji tu. Mkojo wangu haukusanyi sisimizi, nimechunguza. Niko salama?

Maabara
Hapana ndugu. Sisimizi hawadanganyi, ila wanachelewa. Waganga wa India ya kale waliliona hilo la sisimizi, na ugonjwa wakauita madhumeha, yaani mkojo wa asali. Lakini figo huirudisha sukari kwenye damu mpaka kiwango kifike takriban 10 ndipo inaanza kuvuja kwenye mkojo. Kisukari kinahesabiwa tangu 7 ya asubuhi kabla ya kula. Sasa yule aliye katikati, kama Mtembezi, sisimizi wangempita tu.

Kwa kuwa kazi yangu ni hii ya kutoa damu, niseme namba mara moja. Ukikaa bila kula saa 8 au zaidi, damu ya mshipa ikasoma 7.0 kwenda juu, hicho ni kisukari (wanaopima kwa miligramu wataona 126). HbA1c, yaani kipimo cha sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, ni asilimia 6.5 kwenda juu. Hiyo haihitaji kufunga, inasoma wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita. Mwenye sikoseli au upungufu wa damu aseme mapema, kipimo hicho kinaweza kumdanganya. Kuna na kile cha kunywa gramu 75 za glukosi ukapimwa baada ya saa 2, mpaka wake ni 11.1. Kama huna dalili, jibu moja halitoshi, kipimo kinarudiwa. Lakini mtu wa chupa mbili kitandani akikutwa na 23.6, hapo hatungoji marudio.

Na wale mnaokula majani matupu siku tatu ndipo mje kupima, sijui mnamtega nani. HbA1c itawasema ya miezi iliyopita.

Jirani Mwema
Mimi nina kinyume chake. Nilimenya tunda, nikajifutia mikono kwenye suruali, nikaona mashine ya mama mezani, nikajipima. 16.9! Nikapiga simu kwa ndugu wawili, nikaanza kueleza na madeni yangu. Shangazi akaniuliza tu, "Mikono umenawa?" Nikanawa kwa sabuni, nikarudia: 5.7. Madeni sasa wanayajua wote.

Maabara
Hiyo tunaiona kila wiki. Nawa, kausha, choma pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati, katikati kunauma zaidi. Hata hivyo mashine ya nyumbani ni ya kukushtua au kufuatilia. Wa kukwambia unacho au huna ni kipimo cha maabara.

Kimya Kingi
Nashukuru. Nilichunguza sisimizi kwa sababu naamka mara tatu usiku. Nilikuwa nasema ni chai ya jioni.

Mzee Kofia
Umeanza kusema hivyo lini, kijana?

Kimya Kingi
Mwaka jana. Na chai nimeacha tangu mwezi wa pili.

Mama wa Watatu
Mdogo wangu, nenda.

Kimya Kingi
Naenda kesho. Nimekula saa mbili usiku, sijagusa kitu tena. Maji ruhusa?

Maabara
Maji matupu kunywa utakavyo. Na ukijisahau ukala, nenda hivyohivyo, usiahirishe. Mwenye dalili hupimwa saa yoyote, waambie tu ulikula saa ngapi. Kama kuna dawa unazotumia beba, zipo zinazopandisha sukari.

Kimya Kingi
Sawa. Natoka saa kumi na mbili na nusu. Namba nitaileta hapahapa.